NCHI JIRANI: MAWE ADIMU KATIKA TAKATAKA ZA MGODI



Mchimbaji wa bati au koltani hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo macho yake hutafuta jiwe jeusi na zito. Mengine yote hutupwa. Lakini katika mawe ya namna hiyo, huko Rwanda na Kongo ya mashariki, wataalamu wamekuta madini ambayo yalikuwa hayajapata kujulikana po pote duniani. Inafaa sisi wa migodini tuyaelewe.

Yanavyotokea

Mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi hupoa pole pole. Uji unaobaki mwisho huwa na maji mengi na vitu adimu. Huo hupenya katika nyufa, ukaganda kuwa mwamba wa chembe kubwa kubwa za kwatzi, feldspa na ulanga. Mwamba huu huitwa pegmataiti, na ndimo tunamochimba bati, koltani na berili. Fosforasi nayo hukusanyika humo. Ikiungana na lithiamu, chuma au alumini, hufanya fosfeti za kwanza, kama ambligonaiti iliyo nyeupe-nyeupe na trifilaiti ya kijivu.

Baadaye maji huingia: kwanza ya moto kutoka chini, halafu ya mvua kutoka juu. Maji huondoa lithiamu, huleta chokaa, na chuma hushika kutu. Jiwe la zamani huliwa kidogo kidogo, na katika mashimo yake huota mawe mapya. Hizo ndizo fosfeti za baadaye. Nyingi ni ndogo kuliko punje ya mtama, lakini rangi zake ni nyingi: zambarau, kijani, buluu, manjano.

Buranga na Kobokobo

Buranga ni mgodi wa eneo la Gatumba, magharibi mwa Rwanda. Mwaka 1966 Oleg von Knorring na Mary Mrose walitangaza jiwe la huko la waridi hafifu, bertosaiti, lililopewa jina la Bertossa, mkuu wa idara ya jiolojia ya Rwanda. Mwaka 1977 yakafuata burangaiti na gatumbaiti.

Ng'ambo ya mpaka, karibu na Kamituga katika Kivu ya Kusini, uko mwamba wa Kobokobo. Wabelgiji Michel Deliens na Paul Piret walieleza fosfeti kadhaa za urani za huko, mojawapo kamitugaiti, mwaka 1984, nchi hiyo ikiitwa Zaire. Kobokoboiti ilitangazwa mwaka 2010.

Tazameni majina hayo matano. Manne ni ya mahali na moja ni la mkuu wa idara. La mchimbaji halimo.

Namna ya kuyatoa

Kwanza, usiligonge jiwe lenyewe. Kata mwamba kulizunguka, ulitoe na kipande cha mwamba wake.

Pili, usilisafishe kwa asidi. Fosfeti nyingi huyeyuka. Usilianike juani, maana mengine yana maji ndani yake na yakikauka huvunjika. Vivianaiti ikikaa kwenye mwanga hugeuka kuwa nyeusi. Ifunge katika karatasi, uiweke gizani.

Tatu, andika papo hapo jina la mgodi, shimo, kina na tarehe. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mtaalamu na kwa mnunuzi.

Afya yetu

Wengi wetu tuna desturi ya kulamba jiwe ili rangi ionekane. Tuiache. Jiwe la manjano au kijani kibichi, lenye magamba membamba, laweza kuwa na urani. Mionzi yake haionekani wala hainuki. Lisikae chini ya kitanda, na watoto wasilichezee. Nawa mikono kabla ya kula. Na vumbi la kwatzi huharibu mapafu pasipo dawa ya kuyaponya. Kwa hiyo mwamba uloweshwe maji kabla ya kutobolewa.

La kudai

Kwa kawaida jiwe si mali ya aliyeliona, bali ni la serikali au mwenye leseni. Kulitia mfukoni kunaweza kukufukuzisha kazi. Lakini mchimbaji aliyesimamisha nyundo yake na kutumia saa mbili kulitoa zima amefanya kazi, na kazi hiyo haimo katika hesabu ya kilo. Mnunuzi analipia uzima wa jiwe, na uzima huo umetokana na mikono yake.

Kwa hiyo kamati za matawi ziweke jambo hili katika mkataba wa hali bora za kazi: sampuli iandikwe kitabuni pamoja na jina la aliyeitoa, muda wake ulipwe, apate fungu lake ikiuzwa, na kipimo cha mionzi kiletwe mgodini. Tusipoandikiana, jiwe litasafiri hadi makumbusho ya mbali, na sisi tutabaki na vumbi.