Kimanga: Chakula cha Nyanya Zetu Kisipotee

Ukiwauliza vijana wa hapa Voi chakula cha Wataita ni kipi, wengi watakujibu upesi: kimanga. Ukiwauliza kinapikwaje, wananyamaza. Nyanya zetu hawakuandika mapishi haya popote. Waliyajua kwa mkono na kwa jicho, na binti alijifunza kwa kukaa jikoni. Siku hizi binti yuko shule ya bweni, au yuko Mombasa akitafuta kazi.

Kimanga ni nini?

Ni muhogo au viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Kila nyumba ina namna yake, lakini msingi ni huo huo.

Kwa nini tukitunze?

Kwanza ni ardhi yetu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kavu za Kenya. Mahindi yalikauka shambani. Muhogo huvumilia jua, na unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukikungoja.

Pili ni mwili. Muhogo peke yake hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Maharagwe ndiyo yanayojenga. Vikiwa chungu kimoja, mtoto amekula vyote viwili.

Namna ya kupika (watu sita)

Tafuta nusu kilo ya maharagwe makavu, kilo moja na nusu ya muhogo mtamu, vitunguu viwili, mafuta kidogo na chumvi.

1. Chagua maharagwe, yaoshe, yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi, na kuni hupungua.

2. Yatie kwenye maji mapya. Yaache yachemke kwa nguvu dakika kumi za kwanza, hasa yale mekundu, maana yasipoiva huumiza tumbo. Kisha punguza moto hadi yawe laini kabisa. Supu yake usiimwage!

3. Menya muhogo, uondoe ganda la nje na lile nene la ndani. Kata vipande, toa uzi wa katikati, uoshe. Chemsha kwa maji mengi bila kufunika hadi uive vizuri. Maji haya sasa ndiyo ya kumwaga.

4. Kaanga vitunguu, tia maharagwe na chumvi, halafu muhogo. Ponda kwa mwiko huku ukiongeza supu ya maharagwe kidogo kidogo, hadi kishikane na kiwe laini.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ponda sana na uongeze supu kiwe chepesi. Na maziwa ya mama yaendelee.

Tahadhari

Muhogo mchungu usiutumie kwa kimanga. Una sumu nyingi, na kuuchemsha tu hakutoshi. Huo ni wa kulowekwa siku kadhaa, kuanikwa na kusagwa unga. Dalili za sumu ni kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kizunguzungu. Ukiziona, mkimbize mgonjwa hospitali.

Hili si jambo la mzaha. Mwaka 1981, mkoa wa Nampula huko Msumbiji ulipatwa na ukame. Watu walikula muhogo mchungu bila kuutengeneza ipasavyo kwa sababu ya njaa. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na akina mama, walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo, na kupooza kwake hakuponi. Kwa hiyo ukinunua muhogo sokoni, muulize muuzaji ni wa aina gani. Ukionja ukakuta uchungu, acha. Na watoto wasitafune muhogo mbichi.

Tufanye nini?

Jumamosi hii mpe mtoto daftari na kalamu, akae karibu na nyanya wakati anapika. Aandike kila kitu: kiasi gani, muda gani, na muhogo mtamu anautambuaje. Jambo hilo la mwisho ndilo wazee wetu wanalijua kuliko kitabu chochote, na ndilo tusilotaka waondoke nalo.