Kompyuta ya Kwanza ya Kujiundia: Kadi ya Michoro Isimeze Bajeti Yote

Anayejiundia kompyuta kwa mara ya kwanza huwa ameshachagua kadi ya michoro kabla hajawaza kitu kingine. Ndiyo inayotajwa kila wanapokutana wacheza gemu, na kwa kawaida ndiyo ghali kuliko kifaa chochote ndani ya kesi. Kwa anayetaka gemu tu, hakuna ubaya. Ila mashine hiyohiyo ikitakiwa mchana kuhariri video za harusi na usiku kucheza gemu, hesabu inabadilika, kwa sababu mengi yanayoamua kasi ya kuhariri hayamo kwenye kadi hiyo.

Tuanze na video yenyewe. Simu na kamera nyingi za leo hurekodi kwa H.264 au H.265, mifumo inayobana picha ili faili liwe dogo. Mhariri anapopeleka kishale mbele na nyuma, kompyuta hulazimika kuzifungua picha hizo upya. Ikikosa sehemu maalumu ya kazi hiyo, prosesa hubeba mzigo wote na video huanza kukwamakwama. Intel imekuwa na sehemu hiyo, Quick Sync, tangu 2011, nayo hukaa ndani ya michoro ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana herufi moja kwenye boksi ina uzito. Core i5-12400 na i5-12400F zote zina viini sita na nyuzi 12, lakini yenye F haina michoro, hivyo haina Quick Sync. Mcheza gemu mwenye kadi yake haoni tofauti. Mhariri ataiona, hasa akiwa na kamera inayorekodi H.265 ya biti 10 kwa rangi za 4:2:2: kadi za NVIDIA zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025 hazifungui video ya aina hiyo, ilhali i5-12400 inaifungua vizuri katika programu inayoitumia, kama Premiere Pro. Kwa kazi mchanganyiko, tofauti ndogo ya bei kati ya prosesa hizo mbili inastahili kulipwa.

RAM ya gigabaiti 16 inatosha gemu nyingi. Kwa video za 4K, ziwe 32, na zinunuliwe kama vipande viwili vya 16 badala ya kimoja, ili prosesa isome njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, vipande viwili huingia aghalabu nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha mazabodi kitathibitisha. Kisha kuna hatua inayosahaulika sana: kuingia BIOS na kuwasha XMP au EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyouzwa nayo. Bila hivyo, RAM iliyouzwa kama DDR5 ya 6000 huweza kwenda kwa 4800 miaka yote, na mwenyewe asijue.

Kwenye SSD, watu wengi hulipia kasi wasiyoihitaji. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inataka megabaiti 12.5 tu kila sekunde. SSD ya SATA husoma kama 550, na NVMe ya PCIe 3.0 hufika 3,500. Kinachobana ni ukubwa. Saa moja ya video hiyo ni gigabaiti 45, kwa hiyo harusi iliyorekodiwa saa sita inakula 270. Terabaiti moja ya NVMe kwa kazi inayoendelea, pamoja na diski ya kawaida ya kuhifadhia kazi zilizokwisha, ni mpango mzuri kuliko SSD ndogo yenye mbio.

Sasa kadi. RTX 4060 ya mwaka 2023 inaishinda RTX 3060 ya 2021 kwenye gemu, tena kwa wati 115 dhidi ya 170. Lakini 4060 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na 3060 iliyozoeleka ina 12. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve huitegemea sana kumbukumbu ya kadi, na 4K yenye efekti nzito huijaza upesi. Mhariri wa 4K achukue 3060, ila asome boksi vizuri, maana ipo nyingine ya gigabaiti 8 yenye jina lilelile.

NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi zote mbili. Alama ya 80 Plus hupima ni umeme kiasi gani unapotea, haithibitishi kila kitu kingine, kwa hiyo jina la mtengenezaji na muda wa waranti vichunguzwe pia. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, UPS iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wengi Dar es Salaam na Nairobi hupita njia ya mkato: kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, na kuiongezea kadi. Inafaa kwa kadi ndogo tu. Nyingi zina pawa saplai ya wati zisizofika 300, plagi yake kwenye mazabodi si ile ya kawaida ya pini 24, na kesi nyembamba haipokei kadi ndefu.

Kadi zilizotumika nazo zina historia. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikichimba zilimwagwa sokoni. Nyingi bado nzima, japo feni zimechoka. Hatari zaidi ni kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS zijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z huzibaini nyingi kati ya hizo. Mnunuzi aombe kadi iwashwe mbele yake, GPU-Z ifunguliwe, na gemu ichezwe angalau dakika 20 ili joto lionekane. Muuzaji akikataa, fedha zibaki mfukoni.