Stebilaiza ya gari: lini ifunguliwe, lini irudishwe

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Si ajabu, ukiingia katika gereji inayohudumia Land Cruiser za mizigo kaskazini mwa Kenya, kukuta chuma kirefu kilichopindwa mfano wa herufi U kimeegemezwa ukutani, kimeshika kutu, na hakuna anayekumbuka kilitoka gari gani. Chuma hicho ndicho stebilaiza. Kilifunguliwa siku moja ili gari lipite korongo, hakikurudishwa tena. Gari lenyewe bado liko kazini, linabeba watu na mizigo, na siku hizi linakimbia kwenye lami.

Kufungua stebilaiza ni jambo linalofanywa na madereva wa njia mbaya duniani kote, na lina faida ya kweli. Lakini faida hiyo ni ya mwendo mdogo na ya mahali maalumu. Mwenye gari asiyejua mipaka yake anaweza kupoteza mzigo, gari na roho za watu kwa kuokoa nusu saa ya kushika spana.

Kazi ya chuma hiki

Stebilaiza hushikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili za mpira, na ncha zake mbili huungwa na ekseli, au na mikono ya magurudumu, kwa linki fupi. Gari likikata kona kwa kasi bodi hulalia upande wa nje; springi ya upande huo inabanwa na ya upande wa pili inatanuka. Hapo chuma kinasokotwa, na kwa kuwa ni chuma cha springi kinakataa kusokotwa, kinaivuta bodi irudi kukaa sawa. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo anayedhani stebilaiza ndiyo inayofanya gari lirushe abiria kwenye matuta amekosea. Aangalie springi na shokapu.

Tatizo linaanza kwenye korongo lililokata njia kwa mshazari. Gurudumu la mbele kushoto linapanda ukingo, la kulia linatakiwa lishuke shimoni. Stebilaiza haijui tofauti ya korongo na kona. Inachoona ni kwamba upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, nayo inavuta ili kusawazisha. Matokeo yake gurudumu la kulia linaning'inia, na mara nyingi la nyuma kushoto nalo linapungukiwa uzito wakati huohuo. Difu ya kawaida, isiyo na loki, hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo, yaani lile lililo hewani. Ndiyo maana unaweza kuona gari lenye nguvu ya magurudumu manne limesimama palepale huku magurudumu mawili yakizunguka bure. Ukifungua stebilaiza, ekseli inapata uhuru wa kupinda kufuata ardhi, gurudumu linashuka, tairi linashika.

Si kila gari linafaidika

Faida kubwa ni kwa gari lenye ekseli nzima ya mbele, ile inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia kwa kipande kimoja. Land Cruiser pikapu ya 79, ambayo tangu mwaka 1999 ina springi za mviringo mbele na za majani nyuma, ni mfano mzuri. Nissan Patrol za zamani ni mfano mwingine, na baadhi yake zilitoka kiwandani na swichi ya kuachia stebilaiza ya nyuma. Hilux za sasa, ambazo kila gurudumu la mbele lina mkono wake, hufaidika kidogo tu, kwa sababu mikono yenyewe inafika mwisho wa mwendo mapema. Kwa Probox na Noah hakuna cha kuzungumza. Gari la namna hiyo likifika mahali linapohitaji kufunguliwa stebilaiza, limekosea njia.

Watengenezaji wengine wamelimaliza suala hili kwa mitambo. Jeep Wrangler Rubicon, tangu toleo la mwaka 2007, ina swichi ya umeme inayoachia stebilaiza ya mbele, na gari likizidi takriban kilometa 29 kwa saa mtambo unaiunga tena wenyewe. Msomaji azingatie tarakimu hiyo. Hata kiwanda kinachouza gari kwa sifa ya kupanda miamba hakimwachii dereva akimbie bila chuma hicho. Toyota walipita njia nyingine: mfumo wao wa KDSS, uliomo kwenye baadhi ya Prado 150 na Land Cruiser 200, unatumia mafuta yenye mgandamizo kuilegeza stebilaiza kwenye ardhi mbaya na kuikaza barabarani, dereva asiguse kitu. Wanaoagiza magari yaliyotumika wachunguze hapo. Prado yenye mfumo huo ikisimama imeinamia upande mmoja, huenda mafuta yanavuja au valvu zimeshika kutu, na matengenezo yake si ya bei ya linki na bushi.

Lami ilivyobadili hesabu

Mwaka 2009 nilisafiri kutoka Marsabit kwenda Moyale kupitia Turbi, nimekaa mbele ya pikapu iliyojaa magunia ya sukari na mafuta ya kupikia. Stebilaiza ilikuwa imefunguliwa zamani. Mwendo ulikuwa wa kujikokota, mawe yalikuwa makali, na sikuona ubaya wowote. Gari lilitambaa kama kinyonga, tukafika. Miaka baadaye nilipanda gari la aina hiyohiyo, lisilo na stebilaiza vilevile, kwenye njia ileile. Safari hii tulikuwa juu ya lami, na mshale umevuka 100. Ngamia mmoja akaingia barabarani. Dereva alikata usukani kumkwepa, bodi ikalala upande wa kulia, na aliporudisha usukani ikalala kushoto kwa nguvu zaidi, ikafuata mara ya tatu kabla ya kutulia. Hatukupinduka. Utingo aliyekuwa juu ya mzigo alishuka akakaa pembeni mwa barabara, hakusema neno kwa muda mrefu.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilometa zipatazo 500, kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetiwa lami. Magari mengi yaliyozoea njia ya zamani yalihamia mpya na maumbile yao yaleyale. Kiuchumi hili linaeleweka: chuma kilishachomolewa, kukirudisha ni gharama inayoonekana leo, na hatari haionekani mpaka siku yake. Lakini ukilinganisha bei ya linki mbili na bushi na thamani ya mzigo wa safari moja tu, hakuna hesabu hapo. Aidha, bima nyingi za magari zinamtaka mwenye gari alitunze liwe katika hali ya kufaa barabarani. Anayedai fidia ya gari lililopinduka bila stebilaiza amempa kampuni sababu ya kubishana.

Kuna hila nyingine wasiyoifahamu wengi. Gari lenye stebilaiza mbele na nyuma likiondolewa ya mbele peke yake, uwiano unaharibika: kwenye kona ya kasi ekseli ya nyuma inabeba kazi kubwa zaidi, na mkia unataka kutangulia. Kwenye lami yenye maji hilo ni jambo baya.

Kwa malori, hasa ya makontena na matenki ya mafuta, ushauri ni mfupi: usiguse. Uzito uko juu, mafuta ndani ya tenki yanacheza, na lori halina safari ya korongo inayostahili bahati nasibu hiyo. Vivyo hivyo pikapu iliyojaa mpaka juu ya keria. Kwenye mteremko wa ubavu, gari lililofunguliwa stebilaiza hulala zaidi ya kawaida, hata kama linakwenda mwendo wa kobe.

Ikibidi kufungua

Kabla ya spana, punguza upepo wa matairi. Kwenye mchanga na tope tambarare hiyo ndiyo dawa, na stebilaiza haitasaidia lolote. Kama tatizo ni makorongo ya kupishana, simamisha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Utambarare huo una sababu: ardhi ikiwa ya mwinamo chuma kinakuwa kimesokotwa, na nati ikitoka kinaweza kuruka na kukupiga mkono.

Fungua linki za pande zote mbili upande wa ekseli, kisha inua chuma ukifunge kwenye chesisi kwa mkanda au waya imara, mbali na mipira ya breki, tairi na vyuma vya usukani. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone hakuna kinachogusana. Baada ya hapo usizidi kilometa 25 kwa saa.

Njia mbaya ikiisha, irudishe hapohapo, si kesho. Tundu zikikataa kulingana, sogeza gari kidogo au mpe utingo akandamize bampa. Nati za linki zenye bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki, la sivyo mpira utajisokota na kuchanika mapema. Kagua tena baada ya mwendo mfupi.

Na anayenunua pikapu iliyotoka njia za kaskazini alale chini ya gari kwa tochi kabla ya kutoa fedha. Tundu tupu kwenye ekseli, au vishikio vya bushi visivyo na chuma ndani, ni punguzo la bei la kudai palepale.