Jina la kazi lisitughilibu

Majuma machache yaliyopita, mzee mmoja jirani yangu alinijia akiwa ameikumbatia bahasha kama mtu aliyebeba yai. Bintiye alikuwa amepata nafasi ya kusomea kazi ya msaidizi wa tabibu katika chuo cha kijamii nchini Marekani, na mzee alikwisha kupata mnunuzi wa kipande chake cha shamba.

"Mwalimu," aliniambia, "ni miaka miwili tu, kisha atakuwa akitibu watu kama yule tabibu wa zahanati yetu."

Udaktari wangu ni wa isimu, si wa dawa. Hata hivyo, maneno ndiyo kazi yangu, na papo hapo nilitambua kwamba mzee alikuwa amenaswa na neno.

Hapa Kenya, afisa wa kliniki wa leo zamani aliitwa msaidizi wa tabibu. Huyu husomea stashahada kwa miaka mitatu, akafanya kazi chini ya uangalizi, akasajiliwa, kisha akaruhusiwa kutambua maradhi na kuandika dawa. Wazee wetu wangali wanalisikia jina hilo kwa masikio ya enzi hizo.

Marekani jina ni hilo hilo, kazi ni nyingine. Msaidizi wa tabibu humpokea mgonjwa, humpima shinikizo la damu, humtoa damu ya kupimwa, humdunga sindano kwa agizo la daktari, tena hushughulikia faili na bima. Kutambua maradhi hakumhusu. Yupo mwingine huko atibuye kwa ushirikiano na daktari, ambaye jina lake tukilitafsiri litatoka vile vile; lakini huyo huhitaji shahada ya uzamili.

Sisemi haya kwa kuidharau kazi hiyo. Ni kazi ya heshima, na cheti chake hupatikana kwa takriban mwaka mmoja, au stashahada kwa miwili. Vyuo vya kijamii navyo, ambavyo kikongwe chao cha umma kilianzishwa mjini Joliet, Illinois, mwaka 1901, vimewainua wengi wasio na uwezo wa karo ya chuo kikuu.

Hata hivyo, unafuu huo ni wa mwenyeji. Mgeni aghalabu hutozwa karo ya juu zaidi, na viza ya mwanafunzi humfunga kufanya kazi chuoni tu, saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa msaidizi huyu ulikuwa takriban dola 42,000. Wa muuguzi aliyesajiliwa, dola 86,000. Na uuguzi wenyewe hufundishwa katika vyuo vivyo hivyo! Masomo mengi ya usaidizi, kwa bahati mbaya, hayahesabiwi mtu anapotaka kuvukia uuguzi. Akirudi nyumbani nako, cheti hicho pekee hakimfanyi kuwa afisa wa kliniki.

Nilimshauri mzee aulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: je, mafunzo hayo yanatambuliwa na bodi za mitihani ya taaluma hiyo? Masomo yapi yatahesabiwa akitaka kuendelea? Na viza itamruhusu nini akishahitimu?

Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaikunja bahasha. Shamba bado halijauzwa, na binti ameandika barua kukiuliza chuo hicho habari za uuguzi. Sijui atajibiwa nini. Ninalojua ni kwamba kuuliza si ujinga, na shamba likishauzwa halirudi.