Spika Ikinyamaza, Fuata Njia ya Sauti Kwanza

Kuna kikundi kimoja ninachokitembelea ambacho nusura kitoe akiba yake kununua kitu ambacho hakikuharibika. Akina mama hawa, pamoja na wazee wachache, wamerekodi mafunzo yao ya kufuga mbuzi kwa lugha ya nyumbani, maana wanachama wengi hawasomi. Rekodi ziko kwenye kompyuta ya chumba kidogo ambako katibu huandika. Mkutano wenyewe hufanyika sebuleni kwa mwenyekiti, na huko kuna kompyuta ya pili, kuukuu kabisa, iliyofungwa spika kubwa. Kijana mmoja aliziunganisha zote mbili kupitia ruta ya waifai, rekodi ikachezwa chumbani na sauti ikatokea sebuleni.

Mtu atauliza, kwani flashi haitoshi? Inatosha, kama ni mara moja moja. Lakini flashi hupotea, hubeba virusi, na katibu alikuwa amechoka kukimbia huku na huku katikati ya somo.

Basi siku moja stima ikapotea, ikarudi, na sebuleni kukawa kimya. Fundi aliyeitwa akasema kadi ya sauti imeungua. Kamati ikakubali kulipa. Mimi niliomba siku mbili tu.

Kabla sijaeleza tulichopata, niondoe hofu moja ambayo naisikia kila mahali: ati sauti hii inakula bando. Haili. Sauti inatoka kompyuta moja, inapita kwenye ruta, inaingia kompyuta nyingine, basi. Haitoki nje ya nyumba. Hata laini ya intaneti ikiwa imekatwa kwa kutolipa, mradi ruta ina stima, mafunzo yataendelea.

Njia hiyo ni kama bomba la mradi wa maji. Bomba likikauka, hatuchimbi kisima kingine. Tunatembea kando ya bomba tukifungua hapa na pale mpaka tuone maji yanaishia wapi. Na afadhali kuanzia mwisho, penye sikio, kwa sababu huko ndiko kupima ni rahisi.

Kwa hiyo tulianza sebuleni. Tulicheza wimbo uliokuwa ndani ya kompyuta ile ile ya spika. Ukasikika vizuri! Kadi ya sauti haikuwa imeungua. Jaribio hilo lilichukua dakika moja, na fundi hakulifanya. Kama ingekuwa kimya, tungeangalia spika imewashwa, waya umeingia tundu lake (ile ya rangi ya kijani katika kompyuta nyingi za mezani), na sauti haijafungwa kwenye skrini.

Kisha tukaenda chumbani. Kompyuta hizi zote zinatumia Linux, na sauti inasimamiwa na programu iitwayo PulseAudio. Kompyuta zenye Ubuntu ya kuanzia toleo 22.10 la Oktoba 2022 zinatumia PipeWire, lakini inaelewa lugha ile ile, kwa hivyo msiogope. Fungueni programu ya pavucontrol wakati rekodi inachezwa. Itawaonyesha sauti ya kila programu inaelekezwa wapi. Mara nyingi kosa ni hapo tu: kompyuta inaendelea kucheza kwa furaha kwenye spika yake yenyewe, ambayo haipo. Mnachagua spika ya mbali kwenye orodha na kazi imeisha.

Kwetu sisi spika ya mbali haikuwa kwenye orodha kabisa. Tukajaribu kuita kompyuta ya sebuleni kwa namba yake, tukaandika ping 192.168.1.12. Ikajibu mara moja. Hapo nikasema njia ni nzima, na nikakosea.

Kila kifaa kinachoingia kwenye ruta hupewa namba, na namba hiyo ni ya kuazima. Stima ilipopotea, ruta ilisahau nani alikuwa na namba gani. Iliporudi, simu ya mjukuu wa mwenyekiti, aliyekuwa amekuja likizo, iliwahi kabla kompyuta haijawashwa. Kumbe aliyekuwa akitujibu ni simu ya mjukuu! Tulipoandika hostname -I kwenye kompyuta yenyewe ya sebuleni, ikasema namba yake ni 192.168.1.14. Chumbani kijana alikuwa ameandika sauti iende 12. Tulibadilisha tarakimu moja, na mwenyekiti akasikia sauti yake mwenyewe ikifundisha juu ya minyoo ya mbuzi.

Dawa ya kudumu iko ndani ya ruta. Anwani ya kuifungulia huwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Humo mnaweza kuitengea kompyuta ya spika namba moja isiyoazimwa na mtu mwingine. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa sisi ambao stima hutoroka kila mvua ikinyesha, nawaomba msiiache.

Kama namba ni sahihi na bado kimya, kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye kompyuta ya spika. La kwanza ni mlango. PulseAudio hupokea sauti ya mtandao kupitia mlango namba 4713, na ikitoka kwa watengenezaji mlango huo umefungwa. Ni lazima muufungue kwa kuandika pactl load-module module-native-protocol-tcp, na kama kuna programu ya ulinzi kama ufw, nayo iambiwe iruhusu. Kumbukeni agizo la kuandika hivi hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hivyo kijana wenu aliweke kwenye faili la kuanzia. La pili ni siri. PulseAudio hukataa mgeni asiye na faili dogo la siri liitwalo cookie, ambalo lazima lifanane pande zote mbili. Linakiliwe kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Wako vijana wenye haraka ambao huondoa ulinzi huo wote ili mambo yaende. Mimi siungi mkono. Mlango ukiwa wazi hivyo, yeyote aliye kwenye waifai yenu anaweza kucheza atakacho kwenye spika yenu, na ikiwa kompyuta ina maikrofoni anaweza pia kusikiliza mkutano. Mnajadili mikopo ya watu humo.

Sasa kuna ile sauti inayokuja lakini inakatika-katika. Watu husema waifai ni ndogo. Hesabu inakataa: sauti safi ya kiwango cha CD ni vipimo 44,100 kila sekunde, kila kimoja biti 16, mara mbili kwa masikio mawili, yaani kama biti milioni 1.4 kwa sekunde. Hata waifai ya zamani hubeba hiyo. Shida ni mawimbi kuzuiwa njiani, na adui mkubwa kwetu ni mabati. Ukuta wa mabati kati ya ruta na kompyuta unatosha kuharibu somo zima. Sogezeni ruta, au afadhali vutieni kompyuta ya spika waya wa mtandao.

Angalieni pia kitu kimoja ambacho kilitusumbua baadaye. PulseAudio ina njia nyingine ya kutuma, inayoitwa RTP, ambayo badala ya kumpelekea mmoja hutangazia wote. Kijana aliiwasha akidhani ni bora zaidi. Kila rekodi ilipoanza, simu zote nyumbani zilipoteza intaneti, na ilipokwisha zikarudi. Ruta nyingi hutuma matangazo ya namna hiyo kwa mwendo wao wa chini kabisa ili kila kifaa kiweze kuyapokea, basi hewa yote ikajaa sauti ya mbuzi. Tuliizima tukarudia njia ya kumpelekea mmoja.

Wenye Windows pande zote mbili, rahisi kwenu ni kushirikisha folda ya rekodi na kuzicheza moja kwa moja kwenye kompyuta yenye spika. Kupima ni kule kule: anzeni penye sikio.

Sasa katibu amebandika karatasi ukutani yenye namba ya kompyuta ya sebuleni na agizo la ping. Ameongeza mstari kwa mkono wake: zima simu ya mgeni kwanza, halafu pima.