Viwanja: Eneo kwanza, bei baadaye

MFANYABIASHARA mdogo anayepata akiba yake ya kwanza mara nyingi humkimbilia dalali wa viwanja. Hoja yake ni kwamba ardhi haiozi wala haishuki thamani. Ni kweli kwamba haiozi, lakini fedha iliyofungiwa mahali pasipo na mnunuzi wala mpangaji ni mtaji uliolala.

Bagamoyo ni mfano mzuri. Makubaliano ya kujenga bandari mpya yalitiwa saini Machi 2013, na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Walanguzi na wenye akiba ndogo walinunua maeneo wakitegemea bandari hiyo. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa masharti ya mradi hayakubaliki. Aliyenunua kwa akiba alibaki akisubiri. Aliyenunua kwa mkopo alisubiri huku akilipa riba.

Dodoma nayo ina funzo lake. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulitolewa mwaka 1973, lakini wizara nyingi ziliendelea kubaki Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa vitendo, na watumishi waliohamishwa wakahitaji vyumba vya kupanga mara moja. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika huko mwaka 2024.

Kwa hiyo, anayechagua eneo atofautishe tangazo na kazi inayoonekana. Swali la kwanza ni nani atapanga hapo mwezi ujao: mtumishi, mwanafunzi au mwenye duka? Aidha, atazame barabara, maji na umeme, na aulize vyumba vya jirani hukaa vitupu kwa muda gani.

Hatua ya pili ni hesabu. Tuseme fremu ya duka imegharimu Sh milioni 30, kiwanja na ujenzi, na inapangishwa kwa Sh 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh milioni 3. Ondoa mwezi mmoja usio na mpangaji, zinabaki Sh 2,750,000. Mpangaji wa kibiashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani Sh 275,000. Matengenezo yakichukua Sh 225,000, mwenye fremu anabaki na Sh 2,250,000, sawa na asilimia 7.5 ya mtaji. Kiwango hicho kilinganishwe na faida ya hatifungani za Serikali, na pia na faida ya duka lake mwenyewe, kabla ya kutoa hata senti.

Hatua ya tatu ni karatasi. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 mwananchi hupewa haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Mnunuzi afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ili ajue mmiliki halisi, miaka iliyobaki, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kuna rehani au zuio. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa kujengwa fremu tu. Ikiwa ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji ipatikane kwa maandishi. Muhuri wa serikali ya mtaa husaidia kuthibitisha mauziano, lakini haushiki nafasi ya hati.

Anayeanza hana haja ya kununua eka kumi. Fremu moja, katika mtaa anaoweza kuufikia kila wiki, inatosha kumfundisha kazi. Na kila shilingi iandikwe: mali bila daftari hupotea bila habari.