Korogwe ya Mtoni na Korogwe ya Reli

Mtu afikaye Korogwe kwa barabara ya Tanga au ya Moshi huuona mji uliojipanga kando ya njia kuu, akadhani kwamba mji huu ni mtoto wa reli na wa mkonge. Kwa nusu ndivyo ulivyo. Lakini kabla ya reli palikuwapo Korogwe nyingine, nayo ilikuwa ndani ya mto.

Katika karne ya 19 wakulima wa bonde hili, wengi wao Wazigua, walijenga vijiji vyao visiwani, mashamba wakayaacha ng'ambo. Hawakufanya hivyo kwa kupenda maji. Nyika iliyo chini ya milima ya Usambara ilikuwa njia ya misafara. Na Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, jamaa zake waligombea utawala, kila upande ukatafuta bunduki na baruti, na bei yake mara nyingi ilikuwa watu. Aliyelala bara aliweza kuamka mtumwa. Basi mto ukawa boma. Wakazi hao wa visiwani waliitwa Waruvu, kwa jina la mto wenyewe, Ruvu. Jina la Pangani ni la mji ulio mlangoni mwa mto. Wageni waliotoka baharini ndio walioupa mto mzima jina la mahali walipouingilia, na ramani zikawafuata.

Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896, na Korogwe mwaka 1902. Kwa wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha vunjwa, na kisiwa hakikuwa na faida tena ila taabu ya kuvuka. Watu wakahamia kwenye stesheni. Mahali pa kale pakabaki na jina la Korogwe ya Zamani, ambalo hata leo kata yake huandikwa Old Korogwe, kana kwamba wenyeji hawakuwa na neno la kusema "zamani".

Pamoja na reli ukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na kwa hiyo 62 mashamba ya Magunga, Mgombezi na Mnyuzi yalipata mbegu. Neno lenyewe, hata hivyo, si geni. Waswahili walikuwa na mkonge wao wa mwituni, wenye nyuzi za kusokotea kamba, nao wakampa mgeni jina la ndugu yake. Si hivyo kwa maneno ya kazi. Mashine ya kuparua majani iliitwa korona, kwa jina la mashine za namna hiyo zilizoletwa na Wajerumani. Kadi ya siku 30 za kazi, ambazo mtu hakulipwa mpaka azimalize, iliitwa kipande. Na vibarua walioandikishwa mbali, hasa baada ya ofisi ya kuajiri, SILABU, kuanzishwa mwaka 1944, waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Neno hili lastahili kuangaliwa: mtu aliyeondoka kwao na jina, ukoo na utani, alitajwa kambini kwa tarakimu. Kambini humo Mnyamwezi, Mbena na Mrundi hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana ila Kiswahili. Wasemao kwamba Kiswahili cha Korogwe kililetwa na wafanyabiashara wa pwani peke yao huwasahau hawa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Kisha nyuzi za viwandani zikaivunja bei, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Manamba wengi hawakurudi kwao. Walilima mahindi na migomba kama Waruvu walivyolima, na wajukuu wao hukaa Majengo na Manundu, jirani na Kwamndolwa na Kwamsisi, ambako jina la mahali bado huanza na "kwa" ya Kizigua na Kisambaa, yaani kwa mtu fulani aliyekuwa na jina lake.